Mama Kaseti na Wimbo Uliokimbia

Katika safu ile ya vibanda vya mafundi simu kuna mlango mmoja usiotoa muziki. Vibanda vingine vyote vinashindana, kila mwenye spika anataka yake ndiyo ifike barabarani. Kwa Mama Kaseti, kimya. Mlango umepigiliwa godoro kuukuu kwa ndani, pazia zito juu yake, na ukigonga unaambiwa subiri wimbo uishe. Wageni wa mtaa hudhani ndani kuna mgonjwa.

Na mgonjwa yupo, ila ni kaseti. Watu humletea harusi zilizoliwa na ukungu, mahubiri yaliyokatika, sauti za watoto ambao sasa wana ndevu. Anafungua ganda kwa bisibisi ndogo, anasafisha, anaunga, anaipitisha kwenye kompyuta na kuondoa kelele kidogokidogo, kama mtu anayechagua mchele. Hana papara. Mteja akimharakisha humjibu, "Hii sauti imekaa gizani miaka yote hiyo, ukiitoa kwa nguvu itakufa na jua."

Kazi aliianza usichanani, dukani kwa kaka yake mkubwa aliyekuwa akitengeneza redio. Kaka alimpa ile kazi asiyoipenda mwenyewe, ya kusafisha vichwa vya rekoda kwa pamba na spiriti. Siku moja kaka kainamia rekoda na kipimo chake, anatafuta ubovu, jasho linamtoka.

"Kaka, hiyo mota imechoka."

"Umejuaje, we mtoto?"

"Inahema."

Kaka alicheka mpaka akaweka kipimo chini. Alipofungua akakuta mpira wa mota umelegea kama soksi ya mwaka juzi. Tangu siku hiyo akawa anamwita, "Njoo usikilize hii." Baadaye kaka alihamia kwenye biashara ya simu, huko kwenye watu. Dada akabaki na rekoda zote, na kompyuta ya mtumba aliyojifunza kwa kuuliza na kukosea, akauliza tena bila haya.

Anaishi nyuma ya kibanda na mama yake mzazi, ambaye masikio yameanza kumkimbia. Ugomvi wao mkubwa ni friji. Lipo upande wa pili wa ukuta, na mngurumo wake unapenya godoro, pazia na kila kitu. Kwa hiyo kaseti ikiwa ngumu, Mama Kaseti huzima friji kwanza.

"Maziwa yameharibika tena!" bibi huyo anapaza sauti kwa namna ya wasiosikia vizuri, mtaa mzima ukapata habari. "Hao watu wako wa kwenye kaseti ndio watatunywesha chai?"

"Dakika chache tu, mama."

"Hata maziwa ya jana yaliambiwa hivyohivyo."

Basi asubuhi moja akaja mzee mrefu mwenye koti la ngozi lililopasuka viwiko. Watu humwita Tarumbeta. Zamani alikuwa mwimbaji na kiongozi wa bendi ya roki, enzi ambazo vijana walifuga nywele na wazazi wao wakafunga maombi. Bendi haikuwahi kuingia studio. Kilichobaki ni onyesho moja tu, lililorekodiwa kwa kuibwa na mwanafunzi aliyeingia ukumbini na rekoda kaificha kwenye mfuko wa nguo. Kaseti ile ilinakiliwa, nakala zikazaa nakala, mashabiki wakaijua kwa moyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hii ndiyo yenyewe, siyo nakala. Mwizi mwenyewe kaniletea. Kazeeka, kaogopa kuzikwa nayo." Aliiweka mezani kwa mikono miwili. "Nataka itoke upya, isafishwe. Yule anayekohoa, mwondoe. Na wimbo wa mwisho ninyooshee drams. Mpiga drams wetu alikimbia kama anafukuzwa na mbwa. Ila sauti yangu usiiguse! Ile ya juu kabisa ya mwisho, watu mpaka leo wananisimamisha njiani kwa ajili yake. Hakuna aliyewahi kuifikia."

Huyo mpiga drams Mama Kaseti alimjua. Nani asiyemjua? Ni kinyozi wa mtaa wa nyuma, na jina lake ni Mbio. Kaseti ilipoanza kusambaa na watu kusikia jinsi drams zinavyoukimbia wimbo wa mwisho, Tarumbeta alimfukuza mbele ya wenzake wote. Hakuna bendi nyingine iliyomtaka. Nani amchukue mpiga drams asiyeweza kushika mwendo? Mwanzoni alikuwa anasema, "Sikukimbia." Alisema mpaka akachoka kusema. Siku hizi wateja wakikaa kwenye kiti chake humtania, "Mbio, ninyoe polepole bwana, hiki ni kichwa, siyo wimbo wa mwisho!" Mwenye mdomo zaidi humwongezea, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Naye hucheka. Lakini ukimtazama vizuri utaona mashine ya kunyolea inasimama kwanza, ndipo kicheko kinakuja.

Mama Kaseti aliishughulikia kaseti ile kama yai. Akabadilisha ganda, akasafisha vichwa, akazima friji, akavaa hedfoni. Aliyekohoa akamtoa, kikohozi kimoja baada ya kingine. Miluzi akaiacha, maana onyesho la roki bila miluzi ni mkutano wa wazazi. Akafika wimbo wa mwisho. Kweli, drams zilikuwa zinakimbia. Kompyuta inayo njia ya kuvuta kila pigo na kulikalisha mahali pake, na alishaanza kuvuta.

Kitu kikamkera.

Kabla ya wimbo ule kuna kimya kidogo, na ndani ya kimya hicho spika za jukwaani zinanguruma, ule mngurumo mwembamba wa umeme. Anaujua mngurumo huo kama kikohozi cha mama yake. Si ndio wa friji? Lakini huu ulikuwa juu zaidi. Akarudi mwanzo wa kaseti. Pale ulikuwa chini, wa kawaida. Akaja katikati, umepanda kidogo. Akarudi mwisho, umepanda sana.

Akainuka akaenda kuliwasha friji.

"Leo maziwa yamepata wakili!" bibi akashangilia. Kisha akamwona mwanawe kasimama, sikio moja limebandikwa kwenye mlango wa friji, jingine lina hedfoni. "Sasa unaongea nalo?"

"Naliuliza swali, mama."

"Likikujibu, niambie nihame."

Jibu lilikuwepo. Rekoda ya yule mwanafunzi ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa zinakata roho. Mota ikazidi kuchoka, utepe ukapita polepole zaidi na zaidi. Utepe uliorekodiwa polepole, ukiupiga kwa mwendo wa kawaida, kila kilichomo kinakimbia na kupanda: drams, magitaa, makofi, hata umeme. Mpiga drams anaweza kupata kiwewe jukwaani. Umeme haupati kiwewe, hunguruma kwa sauti ileile, ukumbini zamani na kwenye friji leo.

Akaurudisha wimbo chini taratibu, mpaka mngurumo wa kaseti na wa friji ikawa kitu kimoja. Akasikiliza. Drams zilikuwa zimetulia tuli. Mtu yule alishika mwendo kutoka pigo la kwanza hadi la mwisho.

Mama Kaseti hakushangilia, kwa sababu alisikia na lile jingine. Ile sauti ya juu isiyofikika ilikuwa imeshuka pia. Ilikuwa sauti nzuri, nene, ya mwanamume anayeimba kwa kifua chote, lakini ni sauti ambayo mwimbaji mwingine mzuri angeifikia.

Njia rahisi aliiona. Anyooshe drams kama alivyoagizwa, sauti aiache angani. Mteja angefurahi. Na Mbio angebaki Mbio, safari hii hata kompyuta ingekuwa imetoa ushahidi kwamba alihitaji kunyooshwa. Aliifikiria njia hiyo huku akifuta vichwa vya rekoda vilivyokuwa safi tayari. Kisha akampigia mzee simu.

"Mzee wangu, siku ile mlitumia jenereta?" aliuliza Tarumbeta alipofika, maana jenereta nayo hubadilika pumzi, na hakutaka kumsafisha mtu kwa kubahatisha.

"Jenereta ya nini? Ukumbi ule ulikuwa na umeme kuliko hospitali."

Akamsikilizisha kaseti kama ilivyokuja, kisha mngurumo wa mwanzo na wa mwisho, kisha wimbo uliorudishwa chini. Akamweleza habari ya betri. Tarumbeta alivua hedfoni polepole.

"Na sauti yangu?"

"Imeshuka pamoja naye, mzee. Mlikuwa kwenye ngazi moja."

"Huwezi kumshusha yeye, mimi ukaniacha juu?"

"Kompyuta inaweza. Mimi ndiye siwezi."

"Mteja ni mimi, binti."

"Ni wewe, na ninakuheshimu. Kaseti yako hii hapa, na mafundi ni wengi." Aliisogeza mbele.

Tarumbeta hakuichukua. Alitazama godoro la mlangoni kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

"Nilimfukuza mbele ya watu," alisema. "Nilikuwepo jukwaani, mgongo wangu ulikuwa kwenye drams zake, na sikusikia akikimbia. Halafu nikaiamini kaseti." Akavaa hedfoni tena. "Niwekee." Akasikiliza hadi mwisho. "Ni nzito, hii sauti."

"Ndiyo uliyoimba. Ni nzuri, mzee. Sikwambii kwa kukufariji."

Tarumbeta akajifuta pua kwa mkono wa lile koti. "Yule bwana yuko kazini sasa hivi?"

Alirudi naye. Mbio aliingia na aproni yake, nywele za mteja zimemjaa mikononi. Inasemekana mteja mwenyewe aliachwa na nusu ya kichwa. Tarumbeta alikuwa ameshamweleza njiani, maana wote wawili walikuwa na macho mekundu na hawakutazamana. Mama Kaseti akampa kiti na hedfoni, akabonyeza.

Vidole vya Mbio vilianza kugonga gotini. Havikugonga kwa nguvu, viliukumbuka wimbo tu. Tarumbeta alisimama pembeni, kofia mkononi, kama anayengoja kuhukumiwa. Ghafla Mbio akainua mkono.

"Fundi, rudisha hapo."

Akarudisha.

"Hapo! Baada ya ubeti wa pili. Mmesikia?" Alivua hedfoni, uso umemchanua. "Nimechelewa."

"Umechelewa?" Tarumbeta hakuamini.

"Kidogo tu, lakini nimechelewa kabisa, bwana!"

Mzee wa koti la ngozi alicheka hadi akashika ukuta, na kicheko kile mwishoni hakikuwa kicheko tena. Mama Kaseti alishika kipanya. "Nikunyooshee hapo?"

"Thubutu!" Mbio alimrukia mkono. "Usiniguse, mama. Acha nichelewe."