Baiskeli Yangu, Majibu kwa Mume Wangu

Siku niliyokwenda kununua magurudumu ya baiskeli yangu, mume wangu alikuwa pamoja nami kwa sababu moja tu: duka lilikuwa njiani, nasi tulikuwa tunakwenda kumjulia hali shangazi yake. Baiskeli yenyewe hata kuipanda hajui.

Baiskeli ni yangu. Ndiyo inayonitoa Magogoni kila asubuhi hadi Shanzu, ninakofua mashuka ya hoteli. Ni ile nyembamba yenye usukani uliopinda, ya mtumba, fremu nyepesi na nzima. Magurudumu ndiyo yaliyokuwa yamechoka. Ringi zake za chuma zilikuwa zimeliwa na chumvi, na mvua ikinyesha breki ziliteleza kama zimepakwa sabuni.

Nilijua ninachokitaka. Ringi za alumini, zisizoshika kutu. Spoku nyingi, zile njiti za chuma zinazoshikilia ringi, maana njia yetu ni mashimo na mawe. Na saizi ya kawaida, ili tairi ikiisha nisilazimike kuvuka daraja kwenda kuitafuta mjini. Nilimweleza muuzaji yote hayo, taratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mume wangu, akamjibu yeye.

Nikauliza swali jingine. Jibu likaenda kulekule. Mume wangu akaninyooshea mkono kumwonyesha mwenye shughuli, lakini yule bwana hakujali. Nikaonyesha jozi iliyoning'inia karibu na mlango, nyeusi, haina urembo wowote, spoku zimesongamana. Akasema hizo zina oda ya mtu. Akashusha nyingine, nyekundu, za kung'aa, spoku chache zilizoachana mno. Akaapa wallahi kwamba hakuna imara kuzishinda, bei ni ileile, na tena mama haendi mbio, zitamtosha.

Nilizichukua kwa sababu zile zangu hazingefika wiki nyingine. Nililipa mimi. Risiti akampa mume wangu.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja baada ya mvua, karibu na Mjambere, niliingia kwenye shimo lililojaa maji, wala si kubwa. Gurudumu la mbele lililia kama kijiti kinachovunjwa, likajikunja, nami nikaanguka kwa kiwiko na goti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri aliacha biashara yake akaja kuniinua, akanimwagia maji kwenye kidonda, akanisaidia kuisogeza baiskeli kando. Kazini sikufika siku ile. Nilijifunga kitambaa gotini, nikayafungua magurudumu yote mawili, nikamwachia yule mama fremu, nikaenda nayo moja kwa moja dukani.

Cha kwanza nilichokiona ni zile nyeusi, palepale karibu na mlango. Nikamwuliza mwenye oda yuko wapi. Muuzaji akaligeuzageuza lile lililojikunja, akasema limebebeshwa mzigo, au aliyeendesha hajui kukwepa shimo. Damu yangu ilikuwa bado inatoka.

"Mzee yuko wapi?" akauliza. "Mwambie aje, tutaongea."

Sikumtukana. Nilitoa simu, nikampigia mume wangu, nikaiweka kwenye spika ili kila mteja mle ndani asikie, nikampa muuzaji. Yule bwana akaanza na salamu ndefu, habari za nyumbani, habari za kazi, kisha akaeleza kwamba mama ameharibu gurudumu lakini wao kama wanaume hawatashindwa kuelewana. Mume wangu alimwacha amalize.

"Ndugu yangu, mimi sina baiskeli," akasema. "Mwenye baiskeli yuko mbele yako. Ongea naye." Akakata.

Mzee mmoja aliyekuja kununua tyubu akaangalia chini akicheka. Nikasema nataka zile nyeusi, sasa hivi, na sina cha kuongeza. Muuzaji akazishusha. Hakuniomba radhi. Alipokuwa akivua tairi kutoka ringi moja na kuivisha nyingine alimweleza yule mzee jinsi anavyowahurumia kina mama. Nilikaa hapo mpaka akamaliza, nikayazungusha yote mawili mbele yake, na la pili lilipoyumba nikamrudishia alinyooshe.

Zile nyeusi zimepita masika nzima. Fundi wa mtaani kwetu amekaza spoku kidogo tu. Kiwiko kimepona, lakini hasira sijaimaliza, na sioni kwa nini niimalize. Nilisema Kiswahili cha kueleweka, nikasema ninachotaka, na mtu mzima akanisikia vizuri kabisa, halafu akaamua kwamba hakusikia.

Juzi mwenzangu wa pale tunapofulia aliniambia anataka baiskeli kama yangu, na kwamba atamtuma kaka yake akamchagulie. Nikamwambia kaka yake abaki nyumbani. Jumamosi tunakwenda sisi wawili, duka jingine.