Dawa ya Rejeta Isiyoumwa

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini maji nayajua. Nimepikia harusi za mtaa wetu wa Kuze, hapa Mombasa, tangu ujana, na birika langu likichemshiwa maji ya kisima mwezi mmoja tu, ndani lafanya magamba meupe kama chokaa. Rejeta ya gari, ile ishikayo maji ya injini, ina ngozi ya nini isifanye?

Fundi wangu hakuliona hilo. Mwaka jana aliijaza maji ya kisima, na kigari changu cha kupelekea vyakula kikachemka foleni ya Feri, biriani nyuma, watu wa harusi Likoni wangoja. Walikula saa kumi. Aibu ile sijaimeza mpaka leo.

Juzi nina harusi nyingine ng'ambo, nikaenda duka la spea mwenyewe, fundi kando yangu. Muuzaji akaniruka, akamwuliza fundi, "Mwenye gari yuko wapi?"

"Mbele yako," nikamwambia. "Niamkie kwanza."

Akaniamkia, mdomo upande. Nikamtolea dumu la zamani la kulanti, yale maji ya rangi ya kupoza injini. "Nataka kama hii. Maandishi hayahaya."

"Imekwisha, bibi. Chukua ya kijani, tofauti ni rangi tu."

"Sharubati na mafuta ya taa pia ni rangi tu? Kunywa basi, nikuone!"

Fundi akacheka. Ile iliyokwisha ikapatikana rafu ya chini. Nikalinganisha herufi moja moja, na wao wangoje.

Hapo muuzaji akaweka pakiti ya unga. "Ongeza na dawa hii, yaziba matundu."

"Rejeta yavuja?" nikamwuliza fundi.

"Haivuji, mama."

"Basi mgonjwa ni nani?"

"Ya kinga tu," akasema muuzaji.

"Birika langu halivuji. Nikilitia unga wa kuziba, utaziba nini kama si mdomo wake? Rudisha."

Gereji, injini ikapoa, fundi akaisafisha rejeta kwa maji safi ya kununua, akatia kulanti. Niligeuka kuvaa kiatu tu. Kurudisha uso, ana ile pakiti, aipasua kwa meno!

"Nimepewa bure, mama. Nilitaka kukusaidia."

"Kunisaidia? Kesho mbele ya mamake bibi harusi utasimama wewe?"

Nikampokonya, nikaimwaga jaani. Akafunga kifuniko cha rejeta haraka.

"Fungua tena," nikamwambia. "Nichungulie."