Picha ya Mama Arnetta

Kwa miaka minne Bi Verdell Stampley alikuwa akitengeneza filamu kuhusu sisi watu weusi wa hapa Delta, kwenye mashamba ya pamba ya kusini, jinsi tunavyoishi na jinsi vijana wetu wanavyofia mahabusu, kisha karatasi za sherifu, mkuu wa polisi, zinasema ni moyo ulisimama. Alifanya kazi peke yake. Nyumba yake inatazamana na yetu. Mezani kwake kuna viti viwili, na kimoja ni cha mashine yake ya kuhariria filamu.

Kwa kinyozi walimtania. "Kaeni vizuri, sinema imefika!"

"Verdell, kwenye picha tumbo langu likate, kipara niachie."

Alicheka nao. Lakini akiwasha kamera wanaume walianza kusema kama wako mimbarini, na akiizima ndipo mazungumzo yaliporudi.

Kisha akafia mahabusu Lamonte, mtoto wa Mama Arnetta. Kanisani kwetu, majonzi yakimwangusha mtu, akina mama wahudumu wa glavu nyeupe humzunguka bega kwa bega wakimpepea. Wanamshika, na pia wanamficha. Sisi wengine hutazama mbele. Siku ya mazishi Mama Arnetta alipopiga ukelele, Bi Verdell alipenya chini ya mkono wa mmoja wao, na kamera yake. Nilimwona. Wimbo haukukatika, ila ulishuka.

Kuanzia hapo, kwa kinyozi viti vilikuwa wazi na bado aliambiwa, "Leo tumejaa, Bi Verdell." Hata jina walikuwa wamembadilishia: zamani kwao alikuwa Verdell tu, sasa ni Bi, kama mgeni.

Mwezi wa nne ikaja barua kutoka mji mkubwa, kwa watu wa sinema aliowapelekea kazi yake. Wataichukua filamu, kwa sharti ile picha ya mama anayelia iwemo. Akaja na mashine yake kwa Mama Arnetta. Mimi nilikuwa pale jikoni nikiambua kunde.

"Mama, bila picha hii hawaitaki. Na wasipoiona, Lamonte atabaki karatasi tu kwa sherifu."

"Nionyeshe."

Alitazama mpaka mwisho, mkono mdomoni.

"Huyo ndiye mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Marehemu mume wangu mwenyewe hakuwahi kuniona hivyo. Wewe nani?"

Bi Verdell akasema, "Niambie nifute, nitafuta."

"Nikuambie mimi? Kwani wakati wa kuingia uliniuliza?"

Nikaacha kunde. Bi Verdell alibonyeza. Mashine ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Akatoa mkobani kidude alichohifadhia nakala, akaifuta na hiyo.

"Nimekusamehe," Mama Arnetta akasema. "Mungu ananitaka nisamehe, na mimi nimesamehe. Lakini hapa usije tena."

"Naweza kuja bila kamera, Mama."

"Najua unaweza." Akanigeukia. "Binti, nipe hilo bakuli."

Sufuria ilikuwa inachemka, mkate wa mahindi umeshaiva, na hakuna aliyemwambia akae ale. Kwetu sijawahi kuona mtu akitoka jikoni hivyo.

Bi Verdell aliwaandikia watu wa mji mkubwa kwamba picha ile haipo tena, nao walijibu baada ya wiki moja: hapana. Bi Verdell hajahama. Jumapili huwasha gari mapema, anaenda kusali kanisa moja lililo maili kumi na nne kutoka hapa, ambako hawamjui.