Mama Sinzia Apatana Bei na Daktari wa Macho

Wateja wengi walipofika dukani kwa Mama Sinzia walidhani wamemkuta amelala. Alikaa mlangoni pa duka lake la fanicha za mitumba, kwenye kiti pekee ambacho hakikuwa cha kuuzwa, kidevu juu, mikono tumboni, kope zimemshukia hadi katikati ya mboni. Mteja akiona hivyo aliingia kwa kunyata, akachagua meza, kisha akataja bei ya kumpunja aliyelala. Hapo ndipo sauti ilipotoka chini ya zile kope:

"Hiyo ni bei ya mguu mmoja, baba. Tukukatie, au unachukua meza nzima?"

Duka lile lilijengwa kwa ujanja huo. Alianza kwa kuokota stuli zilizovunjika na kuzipiga misumari, na kope zake zilikuwa zimelegea tangu usichana. Mwingine angejificha ndani. Yeye aliona mtaji. "Uso wangu ni pazia," alizoea kumwambia mdogo wake. "Mteja hajui kama niko ndani." Ni mteja mmoja tu aliyekuwa hashikiki: mwenye nyumba ya wageni ya mtaa wa pili, bwana aliyenunua kwa kununa. Kila kitanda kwake kilikuwa kibovu, kila kabati la mbao mbichi, na kila mara aliondoka na mzigo kwa bei aliyoitaka yeye.

Lakini pazia likishuka mno, hata mwenye nyumba haoni nje. Miaka ilipopanda, kope zilizidi kushuka. Nyusi zikachukua kazi ya kuziinua, paji la uso likajaa makunyanzi, shingo ikauma kwa kuinuliwa kutwa. Halafu akanunua lile kabati.

Katika biashara ile, kasoro mbaya kuliko zote ni kitobo cha mdudu wa mbao, kidogo kama ncha ya sindano. Mama Sinzia alikuwa mtu wa kukiona kabla hajasalimia. Safari hii kabati liliposhushwa, fundi seremala wake aliligonga ubavuni mara moja, na unga ukamwagika kama vile amepasua gunia.

"Mama, hili si kabati. Huu ni mji wa watu."

"Nililikagua mwenyewe."

"Kwa kitu gani? Kwa kidevu?"

Kesho yake asubuhi Mama Sinzia alichukua selotepu ya dukani, akazivuta kope juu, akazibandika kwenye paji la uso. Fundi alipomwona alilazimika kuweka randa chini.

"Haya! Bundi kaamka mchana!"

"Cheka, lakini kazi iende. Na vaa miwani yako."

Miwani ile ya kukinga macho alimnunulia Mama Sinzia mwenyewe, na alimpigia kelele kila siku aivae, maana fundi asiye na jicho hampi tajiri faida. Kwa hiyo fundi akavaa miwani yake, akashika msasa, na tajiri akasimama pembeni akikagua viti, macho wazi, hana hata kioo cha chupa usoni. Asubuhi ile aliona kila kitu: vitobo, nyufa, hata mahali fundi alipoficha kasoro kwa gundi. Kitu kimoja hakukikumbuka. Kope iliyobandikwa haipepesi, na vumbi la msasa halibagui cheo.

Kufika mchana jicho la kushoto lilikuwa kama limemwagiwa pilipili. Akainua mkono.

"Usilifikiche!" Fundi alimshika kiganja, akambandua selotepu polepole, akalimiminia jicho maji safi, akatuma mtu amwite mdogo wake ampeleke hospitali.

Daktari wa macho alikuwa mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alimtoa kibanzi, akaangalia kwa taa yake, akaguna.

"Kioo cha mbele cha jicho kimekwaruzika. Kitapona ukifuata dawa. Nani alikufunza kubandika kope?"

"Nilijifunza mwenyewe. Kope ni pazia, likianguka unalifunga juu."

"Kope si pazia, mama. Ni waipa. Wewe umeifunga waipa, ukaingia na gari kwenye vumbi."

Kidonda kilipopona, daktari alimweleza kwamba kope zinaweza kurekebishwa: unapasuliwa mkunjo mdogo, unakazwa msuli uliolegea. Akamuuliza, "Ungependa zipande kiasi gani?"

Mama Sinzia hakuwahi katika maisha yake kutaja anachotaka. Kwake hutajwa mara mbili yake, kisha watu hushushana. "Juu kabisa," alisema. "Weupe uonekane pande zote." Akasubiri daktari ashtuke, aguse kifua, aseme mama utaniua.

"Nimekusikia," daktari alisema, akamwita mgonjwa mwingine.

Walipofika nyumbani alimshika mdogo wake mkono. "Kakubali!"

"Si ndicho ulichoomba, dada?"

"Nani kaomba? Ile ilikuwa bei ya kwanza. Bei ya kwanza si bei, ni kubisha hodi. Anayeikubali ama haijui bidhaa, ama anajua kasoro usiyoijua wewe."

"Basi rudi umwambie."

"Muuzaji hajirudi mwenyewe."

"Haya. Utalala umekodoa kama samaki kwenye barafu."

Neno lile lilimwingia. Siku moja ya jicho lisilofumba alikwisha kuionja. Sasa akajiuliza itakuwaje miaka yake yote iliyobaki. Wala kughairi hakuweza, maana wadudu wa mbao hawangojei mtu.

Siku ya upasuaji walimchoma ganzi kwenye kope tu, mwenyewe yu macho. Alisikia kuvutwa, hakusikia maumivu. Katikati ya kazi daktari alimketisha.

"Nimefunga fundo la muda, kwa kipimo chako. Fumbua."

Chumba kizima kilimrukia usoni.

"Sasa fumba."

Alifumba. Jicho la kulia likaingia gizani. La kushoto likabakiza mstari wa mwanga.

"Unaona nini?"

"Vidole vyako."

"Umefumba, na unaona vidole vyangu. Hivyo ndivyo utakavyolala. Jicho litakauka, litachubuka, mwishowe litapoteza nuru."

"Mbona siku ile hukukataa?"

"Sikuwa nauza, mama. Nilikuwa nakuuliza."

Mama Sinzia alikuwa amepatana bei na madalali, na mahakimu, na wajane waliokuwa wakilia, lakini kukaa mbele ya mtu asiyevuta upande wa pili, hilo lilikuwa geni.

"Usinitajie bei," daktari alisema. "Niambie unachohitaji."

"Nione kitobo cha mdudu bila kuinua kidevu." Akaongeza, "Na nikilala, jicho nalo lilale."

Daktari akalegeza fundo. "Fumbua."

"Skrubu ya taa yako hiyo imelegea."

Muuguzi alicheka. "Fumba," daktari alisema. "Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Vizuri sana. Tufunge."

Alivimba, akapoa. Alitia matone, akapaka dawa kabla ya kulala, akajizuia kufikicha hata jicho lilipowasha kama upupu. Aliporudi dukani, kwenye msumari wa kutundikia miwani ya fundi palikuwa na miwani mbili, na fundi hakushika msasa mpaka amemwona tajiri wake amevaa ya kwake.

Mwenye nyumba ya wageni akaja, kanuna kama kawaida. "Kumbe umeamka, Mama Sinzia! Sasa umaarufu wako umekwisha." Akasimama kando ya kitanda. "Hiki nacho kibovu. Mbao nyepesi, rangi mbaya. Sijui kama nakitaka."

Mama Sinzia, kidevu chini, shingo imetulia, aliona jambo ambalo kwa miaka yote lilikuwa chini ya pazia lake mwenyewe. Mdomo wa bwana yule ulikuwa unatukana kitanda, na mkono wake, huko chini, ulikuwa unapapasa ubao wake taratibu, kama mtu anayembembeleza paka.

"Mkono wako umeshanunua, baba," alisema. "Tuusubiri mdomo."