Maboya ya Nyavu na Mkono Wangu wa Kulia

Mkono wangu wa kulia ulikufa asubuhi, nimekaa barazani nashona kofia. Sindano ilinianguka. Nikainama kuiokota, vidole vikakataa. Nikataka kumwita mume wangu, mdomo ukaenda upande, na sauti iliyotoka sikuitambua. Hospitali ya Chake walisema ni kiharusi. Presha ilikuwa juu, na dawa nilikuwa nimeziacha mwenyewe kwa kujiona mzima.

Mguu ulirudi kidogo kidogo, nikawa natembea kwa kuuburura. Mkono haukurudi. Toka niko msichana nilikuwa nikishona kofia za viua, na hapa Wawi, Pemba, mtu akitaka kofia ya harusi aliletwa kwangu. Sasa nilikuwa sijui hata kujifunga kanga. Mume wangu alinifunga yeye, kila asubuhi, fundo likienda kombo, na mimi nikitazama ukuta. Kula ndiko kulikonivunja zaidi. Mkono wa kushoto tumefunzwa toka utotoni usiguse chakula, na mie ndio huo tu niliobaki nao. Nikaona bora nisile mbele ya watu. Wageni wakija nasema nimeshiba.

Miezi minane ikapita hivyo. Kisha akaja nyumbani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mdogo, umri wa binti yangu, anayeishi nyumba ya tano kutoka kwetu.

"Bi, Jumamosi nakutaka kwangu," alisema. "Tuna mchezo. Tunabiringisha mpira, tunaangusha chupa. Dar es Salaam nimeona watu wana ukumbi mzima wa mchezo huo, wanauita bolingi."

Mume wangu alicheka bila furaha. "Mwanangu, huyu hawezi kushika kijiko. Atashika mpira?"

"Ndiyo sababu namtaka, mzee."

Nilikwenda kwa kuona haya kumkatalia. Uani kwake palikuwa na sakafu ndefu ya saruji, na mwisho wake kapanga chupa kumi za maji zilizotiwa mchanga kidogo. Tulikuwa wanawake wanne, sote tumepigwa na kiharusi. Aliyenipokea ni mwanamke wa Micheweni, mkulima wa mwani, ambaye binti yake ameolewa hapa Wawi na ndiye aliyekuwa akimuuguza. Na yeye kapigwa kulia kama mimi. Akanipa mkono wa kushoto bila kuona haya. "Karibu, shoga," akasema. "Hapa hakuna mzima wa kukucheka."

Mpira wa kwanza niliopewa kuushika kwa mkono uliokufa ulikuwa tufe la chuma lililoazimwa skuli. Lilinivuta bega mpaka nikapiga goti. Tukajaribu mpira wa tenisi, vidole vyangu havikuweza kuuzunguka. Tukajaribu balungi. Hilo lilikaa vizuri kiganjani, ganda lake linabonyea, lakini mara ya tatu lilipasuka na maji yakatapakaa sakafuni.

"Mpira ukikuvuta bega, si wako," mtaalamu alituambia. "Ukiwa mwepesi hata husikii kama umeshika kitu, huo pia si wako. Kila mmoja lazima apate wake."

Wiki iliyofuata yule shoga yangu wa Micheweni alikuja na kikapu. Kaka yake kamletea maboya ya nyavu, yale ya plastiki ngumu, mviringo, yenye tundu katikati, ambayo bahari huyatupa ufukweni kule kwao. Yalikuwa ya ukubwa mbalimbali. Kidole gumba kikiingia tunduni, boya halidondoki hata mkono ukiwa hauna nguvu. Mengine yalikuwa na ufa. Tuliyatia mchanga kwa huo ufa, tukapima kwa kuyaning'iniza mkononi mmoja mmoja, kisha mtaalamu akaziba kwa gundi. Langu lilikuwa la buluu. Tundu lilinibana, kidole changu kimevimba, basi akalipanua kwa kisu cha moto na kulilainisha kwa msasa.

Viatu navyo vilikuwa shida. Ndara zilituteleza, na tukienda miguu mitupu tulijikwaa kwa huu mguu wa kuburura. Tukaishia kwenye raba za mkanda wa kunata, maana hakuna kati yetu aliyeweza kufunga kamba. Na baibui tulipandisha, chini tumevaa suruali, geti limefungwa.

Kwa wiki chache nilikuwa na hamu ya Jumamosi. Kisha shoga yangu akaanza kupona.

Kwanza aliangusha chupa tatu, halafu sita. Siku moja alikunywa chai kikombe kakishika kwa mkono wa kulia, akatutazama sote, machozi yanamtoka. Wenzangu walimpongeza. Na mimi nilimpongeza, kwa mdomo. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani nikaupiga ule mkono wangu kwa huu mwingine, nikaupiga mpaka ngozi ikawa nyekundu, na sikusikia maumivu yoyote.

Jumamosi baada ya hapo boya langu lilinitoka mara tano, halikufika hata nusu ya sakafu. Shoga yangu akanijia, akanishika kiwiko. "Usilazimishe bega," akasema. "Uache mkono uning'inie wenyewe, kisha uliachie boya. Mie ndivyo nilivyofanya."

"Weye mkono wako ulilala tu," nikamwambia. "Wangu umekufa. Usijifananishe na mimi."

"Haya, shoga," akasema, akaenda kuziinua chupa zilizoanguka.

Jumanne yake mtaalamu alinipigia simu. Shoga yangu alikuwa anachagua mchele kwa binti yake, akasema kichwa kinamuuma, akajinyoosha mkekani. Hakuamka. Walimpeleka kwao Micheweni, akazikwa kabla ya alasiri.

Nilikwenda msibani. Nilikaa na wanawake ndani, Yasini inasomwa, na mimi midomo yangu mizito inabaki nyuma ya wenzangu. Binti yake alikuja kuketi karibu yangu. Hakuja kunilaumu, alitaka kujua tu.

"Bi mkubwa," alisema, "mama aliniambia shoga yake kamkasirikia. Alikuwa akijiuliza kosa lake nini. Alikukosea?"

Nikasema, "Hakunikosea." Nilitaka kusema na mengine, lakini ulimi wangu hata kabla ya hapo ulikuwa haunitii vizuri, na siku hiyo ulikataa kabisa. Binti akaitika kwa kichwa, akainuka kugawa kahawa.

Baada ya hapo sikwenda tena uani. Dawa nilizitia chini ya godoro. Sikusema nataka kufa, wala sikuomba. Niliona tu hakuna haja ya kuzuia. Mume wangu alizikuta alipokuwa akibadilisha shuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda na vidonge vile mkononi, akavihesabu kimoja kimoja.

"Kukufunga kanga nishazoea," alisema. "Kukulisha nishazoea. Kukuzika usinizoeshe."

Nikavimeza vya siku hiyo mbele yake. Sikufanya kwa ujasiri. Nilifanya kwa kumuona kanishikia kikombe cha maji.

Mtaalamu alikuja kunichukua mwenyewe Jumamosi moja. Tulikuwa tumebaki watatu. Boya la shoga yangu lilikuwa rafuni pamoja na mengine, hakuna aliyeligusa na hakuna aliyelitaja.

Mwaka wa pili huu naendelea. Kofia sishoni, na sitashona tena, hilo nimelijua. Kwa mkono wa kulia naweza kushika kata ya maji mpaka nusu ya udhu, kisha inanitoka. Chupa nyingi nilizowahi kuangusha ni nne. Kuna siku nakwenda, kuna siku mume wangu hunisukuma mpaka mlangoni.

Mwezi uliopita aliletwa mwanamke mpya, mwalimu, bado kijana, mkono kaufunga kwa mtandio kama mtoto mchanga. Aliketi nami benchini. Hakusalimia.

"Unarudi?" akaniuliza, akiutazama mkono wangu.

Ningeweza kumwambia inshaallah, kama wanavyosema wote. "Wangu haujarudi," nikasema. "Kuna mwenzetu mmoja wake ulirudi."

"Yuko wapi?"

"Kafariki."

Alilia, na mimi nilikaa naye mpaka akamaliza. Kisha nikamshika mkono tukaenda rafuni kutafuta boya lisilomvuta bega.