Mjerumani Aliyekuja Kutafuta Ndugu
Jina letu la ukoo ni la Kijerumani, na Mtwara nzima tunalo sisi tu. Baba alipokuwa amestaafu kazi ya bandarini, alikuja nyumbani kwetu Chikongola mzee wa Kijerumani mwenye jina hilohilo. Alisema Kiswahili cha kujifunza ukubwani, polepole. Alitueleza kwamba jina lilitokana na kijiji kidogo chenye kinu cha maji. Wenye jina hilo wengi walikufa vitani, wengine wakahamia Brazili, na kwao alikuwa amebaki peke yake.

"Nikasikia mpo ninyi," alisema. "Nimekuja kuwaona ndugu zangu."

Baba aliinamisha kichwa. "Mzee wangu, sisi si damu yako. Babu yangu alikuwa mpagazi wa Mjerumani aliyefia huku Ruvuma. Wapagazi wenzake walizoea kumwita babu kwa jina la bwana wake, likamganda."

Machozi yakamtoka mgeni. Mama alimsogezea chai, hakuinywa. Mwishowe aliomba aonyeshwe kaburi la yule mpagazi. Tulimpeleka kijijini Ziwani, kwenye mikorosho yetu, akapiga magoti na kung'oa majani kwa mikono yake.

Aliporudi kwao alikuwa akimpigia baba simu kila Jumapili, hata kama hawakuwa na la kusema zaidi ya mvua na baridi. Mwaka jana aliyepiga simu alikuwa jirani yake. Nilipokea mimi, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mzee amefariki, na wamemzika bila ndugu hata mmoja.

Baba alikaa chini palepale sebuleni.

"Waiteni majirani," alisema. "Tumefiwa."

Tulitandika mikeka uani, tukakaa matanga.