Mlio Uliomtesa Mama Waya

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje, nikose usingizi.

Saa mbili asubuhi, Mama Waya amelala chali chini ya antena, bisibisi kaing'ata mdomoni. Antena zimetapakaa uwandani kama vitanda vilivyopinduliwa. Kazi yake ni kuzitunza zinase miale ya kosmiki: chembe zitokazo mbali mno angani, zikagonga hewa huko juu, zikapasuka kuwa manyunyu ya chembe na kutoa mlio mfupi wa redio.

"Ukifumba tu jicho, umeshapita," anasema.

Lakini wiki hii kuna mlio usiopita. Tak. Tak. Tak. Unaanza asubuhi, unanyamaza jioni, na umefunika kila kitu. Mkuu wa kituo cha antena hizi katangaza: usipokoma kufikia Ijumaa, antena zinang'olewa na kuhamishiwa mbali. Mama Waya anamuuguza mama yake, hawezi kuzifuata. Kazi itakuwa imekwisha.

"Nimebadilisha nyaya zote, mzee wangu. Kumbe zilikuwa nzima. Sasa sijui nimshike nani."

Mwandishi wa haya, ndiye huyo mzee, alimpa maoni ya kitaalamu: huenda ni nyota inabisha hodi. Yeye mwenyewe, ujanani, aliwahi kudaka kimondo kwa sufuria, maji yakachemka wiki nzima.

"Nyota gani inayokwenda kulala jioni?" Mama Waya akauliza. "Hata mkuu kachanganyikiwa. Jana kazimisha jokofu, simu, taa. Nusura amzime na mpishi."

Kesho yake anachukua redio ndogo ya betri na kuufuata mlio kwa miguu, mwandishi nyuma yake. Ukififia, anageuka; ukikua, anasonga. Wanavuka barabara, wanapita kichochoroni, wanatokea nyuma ya nyumba moja, kwenye uzio mpya wa umeme wa kuzuia mbuzi mchana. Jani bichi limegusa waya, cheche zinaruka. Tak.

"Mzee," anauliza bila kugeuka, "mbuzi hawa wa nani?"

Mwandishi aliwatazama mbuzi. Mbuzi walimtazama mwandishi.

"Wanafanana na wangu."

"Na ile nyota?"

"Nayo ni yangu, mwanangu."

Uzio umezimwa, antena zimebaki. Mama Waya anangoja mwale mmoja mkubwa kuliko yote iliyowahi kunaswa hapo, ajue umetokea upande gani wa anga. "Nimsimulie mama. Naye apate cha kuwatambia majirani."

Adhabu Mama Waya aliitoa palepale uzioni: mbuzi wachungwe na mwenyewe, mchana kutwa. Kwa hiyo msomaji asamehe mwandiko. Mkono mmoja unaandika, wa pili unavutwa na kamba.